Meseji Kumi na Mbili

Nauza magauni ya watoto, mtumba wa soko la Owino hapa Kampala, kwa mnada wa WhatsApp. Saa mbili usiku naweka picha, akina mama wanapandishiana bei, mwisho naandika "imeenda". Sharti nililibandika juu kwa herufi kubwa: KILA GAUNI, ONGEZA 1,000 YA KUTOLEA.

Wa gauni moja hawakuwahi kuuliza. Mpaka akaja Hajati wa Arua, akabeba magauni kumi na mawili usiku mmoja, kila moja 10,000. Nikamwandikia: mzigo 120,000, ya kutolea 12,000, nauli ya basi utailipa mwenyewe. Kimya. Kisha ikaja sauti yake.

"Mwanangu, pesa hii nakutumia mara moja. Wewe utaitoa mara ngapi?"

Ukweli ni kwamba ningeitoa mara moja, kwa 2,500 na vijisenti, pamoja na ile kodi ya serikali ya nusu asilimia. Makato ya simu hayahesabu magauni, yanakwenda kwa ngazi, na kutoa 120,000 hakukati hata mara nne ya kutoa 10,000. Iliyobaki ilikuwa yangu, na nilishaizoea kama mshahara.

"Kumi na mbili, Hajati," nikajibu. "Kila gauni na hesabu yake."

"Haya. Nitumie meseji zote kumi na mbili nizione."

Dakika hiyohiyo 132,000 ikaingia.

Asubuhi nikapanga foleni kwenye kibanda cha mobile money. "Elfu kumi," nikamwambia dada. PIN, jina kitabuni, saini. "Elfu kumi tena." Akacheka. Ya tatu hakucheka. Ya nne akaomba kitambulisho, ya tano akakiinua usawa wa uso wangu na kuniuliza taratibu, "Ssebo, simu ni yako?" Wapo mawakala wanaokubembeleza ugawe pesa ili wapate kamisheni mara mbili. Ila mteja anayejigawia mwenyewe, tena kwa jasho, huyo kaiba.

Hapo simu ikalia. "Zimefika ngapi?"

"Tano, Hajati, zinakuja!" nikasema kwa sauti ya juu, maana mtandao wa Arua unakatakata.

Nyuma yangu mzee mmoja akakumbatia mkoba wake. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili nchini tangu 2005, imo kwenye Katiba, lakini hapa Kampala wazee waliowaona askari wa Idi Amin, ambao lugha yao ilikuwa hiyo, wakikisikia penye pesa bado wanashika mifuko. Mama aliyefuata akamnong'oneza mwenzake kitu kwa Kiganda. Nilielewa. Heri nisingeelewa.

Ya tisa, noti zikamwishia dada. Akaanza kunihesabia sarafu za 500, ishirini kwa kila elfu kumi, akizigonga mezani mojamoja huku foleni nzima ikihesabu naye. Nilipotia saini ya kumi na mbili, suruali ilikuwa imeshuka upande wa kulia na natembea kama niliyechomwa sindano.

Nikampigia Hajati picha za meseji zote, nikazituma. Hakuchukua hata dakika tano.

"Nimeona. Kila moja wamekata 750. Mara kumi na mbili, 9,000. Mimi nilikupa 12,000. Rudisha 3,000 yangu."

Nikatazama salio: 3,000 kamili, hata shilingi ya ziada hakuna. Na kutuma nako kuna makato. Ikabidi nirudi kwenye foleni ileile, nyuma kabisa, nikiwa na sarafu moja mkononi.

"Ssebo," dada akauliza, "sasa unarudisha?"

"Naweka mia tano."

Aliandika kitabuni bila kunitazama. Nikamtumia Hajati 3,000 yake, nikapumua. Simu ikalia kabla sijavuka barabara.

"Imefika, mwanangu, Mungu akubariki. Sasa ya kutolea iko wapi?"