Jamani, Mimi Nitarudi Tu

Nani alimwambia mama watoto kwamba mwaka huu tuzunguke Ulaya? Shemeji, nani mwingine! Yuko Hamburg, Ujerumani, miaka nenda rudi, na kila akipiga simu ya video lazima aseme: "Shem, kiangazi mje jamani, mwezi mzima, tutembee nchi kwa nchi." Kusema "mje" ni bure. Yanayofuata hapo ndiyo yanayolipiwa.

Basi nyumbani hakuna tena mazungumzo mengine. Binti anataka Paris, akapige picha chini ya ule mnara wa mita 330. Mama yake anataka Venice, azungushwe kwa kimtumbwi, mwanamke ambaye pantoni ya Kigamboni anaipanda kwa dua! Tena Venice yenyewe, tangu 2024, siku fulani za msimu anayekuja kushinda bila kulala anatozwa kiingilio. Kiingilio cha mji, jamani. Kijana wangu anataka Manchester. Nikamwambia mwanangu, Uingereza ina viza yake, ada yake na fomu zake. Kwenye Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya unazozunguka kwa viza moja, hawakuwamo hata enzi zile walipokuwa ndani ya Umoja wa Ulaya. Akanuna. Nchi ambayo vijana wa mtaani kwetu wanawajua hadi mabeki wake wa akiba, ndiyo haimo! Uswisi, isiyo mwanachama wa Umoja huo na yenye faranga zake, hiyo imo. Sasa hapo nielewe nini?

Hiyo Schengen yenyewe nimeitafuta. Ni kijiji, nakwambia. Kijiji cha Luxembourg, kando ya mto Moselle, walikotia saini mkataba wao mwaka 1985. Na katika kusomasoma ndipo nilipokutana na jambo la maana kuliko yote: Luxembourg, tangu 2020, basi, tramu na treni za daraja la kawaida ni bure nchi nzima. Bure! Nikaitisha kikao, nikatoa hoja: mwezi wote tukae Luxembourg. Asubuhi tunapanda basi hadi mwisho wa nchi, jioni tunarudi, kesho tunageuza upande. Hoja ikakosa wa kuiunga mkono. Binti akauliza, "Baba, huko kuna nini?" Nikamwambia kuna basi.

Sasa njoo kwenye viza. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na utu uzima wao unaanzia miaka 12. Yule kijana asiyeweza kutandika kitanda chake ni mtu mzima. Binti ana 11, anakwenda kwa 45. Jumla euro 315, na ukinyimwa hairudi hata senti. Ni kama posa ambayo barua imepokelewa, mahari imeliwa, halafu unaambiwa binti hatoki.

Na kila karatasi wanayodai, ukiichungulia vizuri, inauliza kitu kimoja: utarudi? Barua ya mwajiri, utarudi? Hati ya kiwanja, utarudi? Taarifa ya benki ndiyo aibu tupu. Mshahara unaingia jioni, asubuhi umeshatoka: mchango wa harusi, kicheni pati, sendofu ya binti wa jirani, rambirambi, umeme, ada. Lakini nimejipa moyo. Afisa mwenye akili akiisoma ataona mwenyewe kwamba huyu hawezi kutoroka, ana ahadi za michango hadi Desemba.

Bima nayo isipungue euro 30,000, na lazima itamke kwamba ukiugua utarudishwa kwenu, na ukifa utarudishwa vilevile. Yaani hata maiti yangu haiaminiki! Mimi, ambaye tangu neno Ulaya litajwe humu ndani nawaza kurudi tu! Sisi mgeni siku ya tatu tunampa jembe. Wao wanaweza kumpa mgeni mpaka siku 90, kisha wanamkataza kabisa kugusa jembe.

Shemeji naye asidhani amepona. Akitaka kutudhamini, anakwenda ofisi ya wageni na karatasi zake za mshahara, analipa euro 29, anasaini kwamba tukila, tukilala, tukiugua, mzigo ni wake. Utaratibu huo uletwe Dar es Salaam uone kama kuna mtu atapata pa kufikia.

Halafu wanataka kujua nitalala wapi kila usiku. Safari ya Julai! Mimi Jumamosi hii sijui nitakula wapi. Na viza unaiomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, kwa hiyo binti akiinyang'anya Hamburg siku mbili tatu akaipa Paris, faili zima linahamia ubalozi mwingine. Kila akishika kalamu mimi presha inapanda.

Treni usiniulize sana. Wasiokaa Ulaya wana pasi yao, Eurail. Wakazi wana yao, Interrail. Behewa ni lile lile. Ukishalipia pasi, zile treni za kasi za Ufaransa na Italia zinataka ulipie na nafasi ya kiti. Umenunua safari, hujanunua pa kukalia.

Kinachonitisha zaidi ni jua. Mwanzoni mwa Julai, Paris, jua linazama saa nne kasoro kidogo. Saa nne ya usiku! Huku kwetu jua lina adabu, saa kumi na mbili na nusu linaaga, watu wanaoga, wanakula, wanalala. Kule isha utaingoja usiku wa manane, na watoto nani atawaambia kalaleni jua likiwa dirishani?

Juzi shemeji katuma orodha ya vitu vya kumpelekea. Samli ya mama mkwe imo. Haivuki hiyo: nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wao ni marufuku kwa abiria. Samaki ruksa, mpaka kilo 20. Embe linadai cheti cha afya ya mimea, bali nanasi, ndizi, nazi na tende vinapita bila cheti. Mama watoto alipoyasikia hayo aliacha maswali yote ya viza, akaenda zake sokoni kuulizia bei ya dagaa.

Kesho tunakwenda kupiga picha za fomu, milimita 35 kwa 45. Wanakataza kucheka. Kwa hali niliyonayo, hapo hawatanipata na kosa.