Bibi, miwani yako iko wapi?

Nafanya kazi ya kuwahudumia wagonjwa majumbani mwao, Marekani. Kila nikipiga simu nyumbani naambiwa wazee wetu hawanyanyaswi, hayo ni mambo ya Wazungu. Sikubali. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya watu 6 wenye miaka 60 na zaidi wanaoishi katika jamii, 1 hutendewa vibaya ndani ya mwaka. Hesabu hiyo ni ya dunia nzima, haikuturuka sisi.

Tofauti ni kwamba huku tunauliza. Kuna dodoso fupi la kubaini kama mzee ananyanyaswa, lililotungwa Kanada, linaitwa EASI: maswali matano anaulizwa mzee, la sita unajijibu mwenyewe kwa ulichokiona, iwe michubuko, kukonda au dawa zisizopungua kwenye chupa. Swali la pili ndilo langu: je, kuna mtu amekuzuia kupata chakula, nguo, dawa, miwani? Bibi mmoja alikuwa akijibiwa kila kitu na bintiye, mpaka siku nilipomwomba binti atupishe nifunge kidonda. Nikauliza.

"Miwani iko juu ya kabati," akasema, kama anayenielekeza vikombe vilipo. "Nikiwa mkorofi sipewi."

Kabati lenyewe lilinizidi urefu mimi, sembuse yeye.

Niliripoti. Katika majimbo mengi sheria haimdai mhudumu wa afya ushahidi. Ukiwa na shaka yenye msingi, kunyamaza ndiko kosa.

Sisemi huku ni peponi. Nimeona wenzangu wakiuliza maswali hayo mbele ya yuleyule anayeshukiwa, mbio mbio, fomu ijae waondoke. Mwaka 2018 jopo la kitaifa la wataalamu wa kinga lilisema ushahidi uliopo hautoshi kupima faida ya kuwauliza wazee wote. Na dodoso lenyewe halikulenga waliopotewa na kumbukumbu, ambao hasa ndio walio hatarini.

Nyumbani hatukosi macho. Jirani anajua, mjukuu anajua, mhudumu wa afya aliyekuja kupima presha anaona godoro limelowa. Ila kumuuliza mzee kando na mwanawe tunahesabu ni kumtukana mwana. Kwangu mimi, bora mwana anune.

Juzi nilimwambia dada yangu, anayemtunza mama, kwamba muuguzi akija awapishe. Akanikatia simu. Wiki iliyofuata nikapata ujumbe wake: "Nilitoka nje. Wamekaa dakika 20. Kwani wanaongea nini muda wote huo?"