Mji Mkongwe umepata wafadhili, bado haujapata mfuko wa matengenezo

Kila nyumba inapoporomoka Mji Mkongwe wa Zanzibar, tunaambiwa fedha za kuitengeneza hakuna. Majuzi nimelisikia tena jibu hilo, tena kutoka kwa mtu ambaye kazi yake inamtaka ajue zaidi, na limenikera. Fedha zimekuja, na zimetoka pande nyingi. Bustani ya Forodhani tunayobarizi jioni ilikarabatiwa na taasisi ya Aga Khan, ikafunguliwa upya 2009. Ukuta wa bahari wa Mizingani umejengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kanisa la Mkunazini lilipata msaada wa Umoja wa Ulaya, Marekani na World Monuments Fund, shirika la kuhifadhi majengo ya kale. Oman ikabeba gharama za ukarabati wa Beit al-Ajaib, jumba la kale la masultani.

Lakini ukiondoa Mkunazini, hivyo vyote vinatazama bahari. Ingia ndani, Kiponda au Kajificheni, kwenye nyumba wanamoishi watu, uone fedha hizo zimefika wapi.

Nyumba hizi haziuliwi na uzee. Zinauliwa na maji. Mlizamu, yaani mfereji wa kutoa maji ya mvua juu ya nyumba, unapasuka darini, mvua inashuka ndani ya ukuta wa mawe na chokaa, inafika pale kichwa cha boriti kilipozamishwa ukutani. Boriti inaoza kutokea huko ndani, mahali jicho halifiki, na chumba cha juu kinaendelea kukaliwa kama kawaida. Mwenye nyumba akiona doa la unyevu anapiga plasta ya saruji, na hapo ndipo anapoumaliza ukuta, kwa sababu saruji inayafungia maji ndani, wakati chokaa ingeyaacha yakauke. Matengenezo yaliyotakiwa mwanzoni ni mlizamu mpya, chokaa, na fundi anayeijua kazi yake. Ni kazi ndogo isiyozinduliwa na kiongozi yeyote, na kwa sababu hiyo haiandikiwi maombi ya ufadhili. Inasubiriwa mpaka iwe mradi mkubwa.

Beit al-Ajaib lilijengwa 1883. Mwaka 2012 sehemu ya jengo ikaanguka, na tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiwa unaendelea, upande mzima ukashuka na watu wawili wakafariki. Jengo lililokuwa kwenye kila kadi ya posta ya Zanzibar lilifikishwa hapo. Nyumba ya mjane isiyopigwa picha na mtu itasalimika vipi?

Waliotutangulia walijua kwamba jengo linahitaji fedha za matengenezo kila siku. Aliyeweka wakfu msikiti aliweka na duka au nyumba kando yake, ili kodi ya pango itengeneze paa na inunue mafuta ya taa. Jengo lilizaliwa na riziki yake. Leo nyumba nyingi za wakfu mjini zinalipiwa kodi ndogo isiyotosha hata chokaa, na hilo nalo linahitaji ujasiri wa kulizungumza.

Ninachotaka ni mfuko mmoja wa matengenezo, chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Mji Mkongwe tuliyo nayo tangu 1985, wenye vyanzo kadhaa. Kila mradi wa mfadhili uache fungu lake humo. Majengo ya serikali yaliyokarabatiwa na kukodishwa kibiashara yatoe sehemu ya kodi yao. Watalii wanakuja kwa ajili ya vichochoro hivi, basi sehemu ya tozo wanazolipa irudi vichochoroni. Mikopo ibaki kwenye mitaro na kuta za bahari, kwani mkopo utalipwa na watoto wetu. Wakaazi na wapangaji wawe na viti mezani, na hesabu zibandikwe hadharani.

Najua, kila mfadhili ana akaunti yake, mkaguzi wake na masharti yake, na hatakubali fedha zake zichanganywe na za mwingine. Sawa, zisichanganywe. Hakuna sharti linalozuia wote wafuate orodha moja ya nyumba, iliyopangwa kwa hatari na si kwa uzuri wa mandhari.

Na orodha hiyo isingoje mfadhili mpya. Mafundi wa Mamlaka wapande madari ya Kiponda na Malindi kabla ya masika, waandike kila mlizamu uliopasuka, na watuambie wazi ni nyumba zipi watu wahamishwe mvua hazijaanza.