Rangi si choo
Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anasema ukarabati wa makazi ya wazee huku kwetu Lindi uanze na paa na rangi, mengine yafuate fedha zikipatikana. Bati sawa, mvua za Januari si mchezo, ila hiyo rangi itamsaidia nini mzee? Nilikuwa nampelekea jirani yetu wa zamani ming'oko ya kuchemsha kila nikipita. Aliishi kwenye makazi ya serikali, hana mtoto wala ndugu aliyebaki. Choo cha kuchuchumaa, tena nje, hatua kama arobaini kutoka kitandani, na magoti yake hayakunji. Wenzake walimfungia kamba ya katani ashike akitaka kuinuka. Kamba! Usiku alikuwa haendi kabisa, ndiyo maana kuanzia alasiri hanywi maji. Choo cha kukalia na bomba la kushikia ukutani ni kazi ya fundi mmoja, siku chache tu. Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003 na mzee inamhesabu kuanzia miaka 60 (wapanga bajeti wengine nao wanaikaribia). Na mhudumu wa usiku, kwenye hizo fedha yumo? Ndugu wa Mtwara, huko kwenu vyoo vya wazee vikoje?