Kila Mtu Nakuru ni Daktari wa Peugeot Yangu

Nina Peugeot 504 aliyoniachia marehemu baba. Mama watoto akinikuta nimejikunja chini ya dashibodi, tochi mdomoni, huuliza swali lile lile: "Hiyo kitu utauza lini?" Namkumbusha kwamba 504 ilishinda Safari Rally mwaka wa 1975, ikarudia 1978. "Basi irudishe huko," hunijibu. "Sisi tunataka tu kufika kanisani."

Shida ilianza na indiketa. Unashusha kijiti, kimya. Na kusema kweli, hapa Nakuru mtu anaweza kuzeeka bila indiketa. Indiketa ya matatu ni mkono wa makanga, ya boda boda ni imani. Lakini kuna afande mmoja ambaye matatu hukata kona mbele ya pua yake na haoni kitu. Yangu aliiona akiwa mbali, amenipa mgongo.

Fundi wa kwanza, kijana wa simu mbili, alicheka balbu zangu, akasema ni za enzi za mkoloni. Akanifungia za LED. Zikawaka vizuri sana, ila kupepesa zikakataa. Zilikodoa macho tu kama mtu anayekudai. Kijana akasema flasha, kile kidude kinachofanya taa ipepese, imekufa. Nikanunua flasha mpya, mambo yakawa yale yale. Akasema basi flasha mpya nayo imekufa. Nikaona hapa kuna msiba usioisha, nikalipa nikaondoka.

Nikampelekea mzee mmoja anayetengeneza magari chini ya mjakaranda. Hana kibao wala simu ya maana, ana koleo na stuli. Aliichukua ile flasha aliyoiua kijana, akaipasua kama njugu, akanionyesha ndani. Mna kibati chembamba, metali mbili zimeganda pamoja. Umeme wa kwenda kwenye balbu hupitia hapo. Kibati kikipata joto kinajikunja na kukata umeme, taa inazima. Kikipoa kinanyooka, taa inawaka. Ile tik-tik unayoisikia ni hicho kibati kikijikunja na kunyooka. Sasa, balbu mbili za wati 21 huvuta kama ampea tatu u nusu, kibati kinachemka. Hizo LED zinalamba tu.

"Kijana wangu," akaniambia (nina miaka hamsini na mbili), "umebandika githeri kwenye mshumaa, halafu unalaumu sufuria."

Tukarudisha balbu za mkoloni. Tik-tik, tik-tik. Mzee wa watu, machozi yalinilengalenga.

Jioni hiyo hiyo jirani akanifuata: "Baba, ukienda kushoto, taa yako ya nyuma nayo inakonyeza watu." Kweli. Athi ya taa ya nyuma, yaani pale umeme unaposhuka kwenye bodi ya gari, ilikuwa imelala kwenye kutu, na umeme wa indiketa ukikosa njia ya kurudi unajipitishia kwenye taa jirani. Nilipaponya mwenyewe kwa kipande cha msasa, na wiki nzima nikawa natembea kama injinia.

Kikabaki kijino cha plastiki kwenye usukani, kile kinachorudisha kijiti ukishamaliza kona. Kilikatika zamani, ndiyo maana nilikuwa naweza kutoka Lanet mpaka mjini nikitangaza kwamba nakaribia kukata kulia. Mzee wa mjakaranda alinichongea kingine kutoka kwenye mtungi wa manjano wa mafuta ya kupikia. Kinafanya kazi. Gari langu sasa nusu ni Ufaransa, nusu ni chapati.

Nilipotulia ndipo nikausikia ule mlio. Ko. Ko-ko. Ko. Nyuma, upande wa kushoto. Nadhani ulikuwepo siku zote, ila hasira za indiketa zilikuwa zimeniziba masikio.

Hapo ndipo nilipojua kwamba mji huu umejaa madaktari. Askari wa geti akasema ni bearing. Kwake kila kitu ni bearing, hata redio ikikwaruza. Shemeji akasema shoki. Mama mmoja wa kwaya, niliyempa lifti, akasema kwa upole kwamba hizo ni tapeti za injini, maana ndilo neno alilolisikia siku gari la mumewe lilipowakwamisha Gilgil. Nikabadilisha bearing. Ko. Nikabadilisha shoki. Ko-ko. Tapeti sikugusa, nilikuwa nimefilisika.

Mzee hakufungua hata boneti. Aliingia nyuma, akafunga macho, akasema, "Nipeleke." Tukashuka mteremko wa Milimani. "Toa gia." Nikatoa, injini ikanguruma chinichini. Ko-ko-ko. "Basi si injini. Injini imepumzika, na yeye anaendelea. Huyu anafuata gurudumu." Nikaongeza mwendo kidogo tu, kama wa baiskeli. Kimya. Nikapunguza kwenye tuta. Ko. Akafungua macho. "Bearing mbovu ikikimbia hulia zaidi. Huyu akikimbia ananyamaza. Kuna kitu kimelegea ndani ya kifuniko cha rimu. Polepole kinaanguka kila mzunguko, ukikimbia kinagandamizwa ukingoni, kinatulia."

Akashuka, akaingiza bisibisi, kifuniko kikaruka. Zikamwagika shilingi thelathini na tano: ishirini moja, kumi moja, tano moja.

Kifuniko kilikuwa kimelegea upande mmoja, kikaacha mwanya. Kitindamimba wangu, mwenye miaka sita, alikuwa ameona kibubu. Nilipomwita hakuogopa hata kidogo. Alizihesabu pesa mara mbili, akaniuliza riba iko wapi. Nilikuwa nimemaliza elfu tisa.

Sasa gari halina mlio na indiketa inapepesa. Ningesema nimepumzika, lakini mimi nakaa Kiamunyi, na ile barabara ya Eldoret ina lugha yake. Malori hapo yakiwasha kushoto yanakwambia pita, njia ni nyeupe. Yakiwasha kulia, ngoja, kuna gari linakuja. Juzi nimefika kwetu, nikawasha kulia kama raia mwema. Wa nyuma akangoja. Akachungulia mbele, akaona hakuna gari linalokuja, akaamua mzee huyu ni mwongo, akanipita kulia huku anapiga honi. Wa pili naye akachungulia, akapita. Nimesimama katikati ya barabara, tik-tik, tik-tik, elfu ngapi hizo, na hakuna anayeamini.

Nikateremsha kioo, nikanyoosha mkono wote nje kama alivyokuwa akifanya baba.

Boda boda ikapita kwa kasi upande huo huo, na kijana akanipiga gota, ngumi kwa ngumi.