Fidia ya mtu wa mkono: kwa Mkurugenzi au mahakamani?

Tangu tarehe 3 Desemba 2019, mfanyakazi anayeumia kazini nchini Kenya hawezi kumpeleka mwajiri wake mahakamani moja kwa moja kudai fidia. Siku hiyo Mahakama ya Juu ilikubaliana na Mahakama ya Rufaa kwamba kifungu cha 16 cha Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007, inayojulikana zaidi kama WIBA, hakikiuki Katiba. Uamuzi huo ulizima mvutano ulioanzishwa na Chama cha Mawakili cha Kenya (LSK) zaidi ya miaka kumi kabla, na ambao mwaka 2009 ulikuwa umeifanya Mahakama Kuu kubatilisha vifungu kadhaa vya sheria hiyo. Madai sasa huanzia kwa Mkurugenzi wa Huduma za Usalama na Afya Kazini. Asiyeridhika na uamuzi wake huwasilisha pingamizi ndani ya siku 60, na akishindwa hapo ndipo hukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Kwa watu wa mjengo, ambao huanguka kutoka kwenye majukwaa ya miti na mbao au kuangukiwa na matofali huku wakilipwa kwa siku, mabadiliko haya yamekuwa na faida na hasara ambazo hazijapimwa vya kutosha.

Wanaoitetea WIBA wana hoja nzito. Katika kesi za zamani, aliyeumia alitakiwa kuthibitisha uzembe wa mwajiri: kwamba hakupewa kofia wala mkanda wa usalama, kwamba jukwaa lilifungwa vibaya, kwamba msimamizi alijua na akanyamaza. Wakili wa upande wa pili naye alijibu kwamba mlalamishi alipanda bila kuangalia, na mara nyingi mahakama iligawa lawama, huyu asilimia kadhaa na yule kadhaa, fidia ikapungua kwa kiasi hicho hicho. WIBA haiulizi kosa ni la nani. Inatosha kwamba ajali ilitokea kazini, isipokuwa pale ilipotokana na utovu wa nidhamu wa makusudi wa mfanyakazi mwenyewe, na haikusababisha kifo wala ulemavu mkubwa. Zaidi ya hayo, kesi zilikuwa ghali. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili hakitambui mkataba wa wakili kulipwa endapo tu atashinda, lakini malalamiko kuhusu madalali wanaozunguka wodi za hospitali wakiwatafutia mawakili majeruhi ni ya miaka mingi, na aliyeumia hupokea kinachobaki baada ya ada, ripoti ya daktari na gharama ambazo hakuwahi kuelezwa. LSK ilipokwenda mahakamani ilitetea haki ya wafanyakazi kusikilizwa. Ilitetea pia mkate wa wanachama wake, na si dhambi kulisema hilo.

Hata hivyo, aliyeumia sana hupoteza kitu chini ya WIBA. Fidia ya ulemavu wa kudumu hukokotolewa kwa mishahara ya miezi 96. Tuseme mtu wa mkono, yaani msaidizi wa fundi, analipwa Sh700 kwa siku na kufanya kazi siku 26 kwa mwezi. Mshahara wake wa mwezi ni Sh18,200, na daktari akimpimia ulemavu wa asilimia 20, fidia yake itakuwa Sh349,440. Hesabu hiyo haina nafasi ya maumivu, ambayo mahakama ilikuwa ikiyatolea kiasi chake. Tena haitofautishi umri: kijana wa miaka 22 aliyeharibika mgongo, mwenye miaka arobaini ya kazi mbele yake, hupimwa kwa miaka minane ile ile anayopimiwa mzee anayekaribia kustaafu. Kwa mtu ambaye mwili ndio cheti chake pekee, hapa ndipo sheria inapoumiza zaidi, na sijaona utetezi wa kuridhisha kutoka kwa wanaoipenda.

Kuna pia suala la utekelezaji. Sheria haikueleza waziwazi mfanyakazi afanye nini ikiwa Mkurugenzi ameamua alipwe na mwajiri akakaa kimya. Majaji wa Mahakama ya Ajira wametofautiana: baadhi wameukubali uamuzi wa Mkurugenzi kama hukumu inayoweza kutekelezwa, wengine wamesema kwamba sheria imewapa rufaa tu na si zaidi. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyeambiwa hahitaji wakili hujikuta akimtafuta wakili ili apate pesa alizokwisha kushinda.

Lakini ubishi wote huu, wa mawakili na wa wizara, unachukulia kwamba aliyeumia anaweza kuonyesha aliajiriwa na nani. Mjengoni jambo hilo ndilo gumu kuliko yote. Mwenye jengo amempa kazi kontrakta, kontrakta amewagawia wengine kazi za nondo na plasta, fundi wa plasta amekuja na vijana wake, na kijana mmoja amechukuliwa langoni asubuhi kwa sababu mwenzake hakutokea. Jina lake, likiandikwa, limo katika daftari la foreman kwa kalamu, pengine jina moja tu la utani, na malipo ya jioni hutumwa kwa M-Pesa kutoka namba binafsi ya foreman. Fomu ya kumwarifu Mkurugenzi kuhusu ajali, DOSH/WIBA 1, ina sehemu ya mwajiri na sehemu ya daktari. Daktari atajaza yake. Ya mwajiri inaweza kubaki tupu, kwa kuwa kila mmoja katika mlolongo huo atamwonyesha mwenzake kidole. Kifungu cha 7 kinamtaka kila mwajiri awe na bima, lakini asiyekuwa nayo huona ni nafuu kulipa bili ya hospitali, kuongeza kitu kidogo cha nauli na kumpa majeruhi karatasi ya kutia sahihi kwamba hadai tena.

Kwa hiyo msaada wa kisheria unaofaa hapa ni wa wiki ya kwanza. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawatambua wasaidizi wa kisheria wasio mawakili, na kazi hii inawatosha: kupiga picha kibao cha mradi kilichoko langoni, chenye majina ya kontrakta na mhandisi, kabla hakijaondolewa, kuandika majina kamili na simu za waliokuwa jukwaani, kuomba taarifa ya M-Pesa, kuhakikisha kadi ya hospitali inasema kwamba mgonjwa ameumia kazini, na wapi. Mwajiri ana siku 7 za kumwarifu Mkurugenzi na madai yana miezi 12, lakini ushahidi wa mjengo hautadumu muda huo. Zege likishamwagwa, kila mtu ameenda mtaa mwingine.

Tanzania ilifuata njia tofauti. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya 2008, ulianza kukusanya michango Julai 2015, na fidia hulipwa na Mfuko wenyewe; anayepata ulemavu unaozidi asilimia 30 hulipwa pensheni ya kila mwezi badala ya mkupuo mmoja. Kwa aliyevunjika mgongo akiwa na miaka 22, pensheni ni bora kwa mbali. Waajiri wa Kenya watasema kwamba tayari wanachangia NSSF na tozo ya nyumba, na hoja yao haipaswi kubezwa. Ila nionavyo, udhaifu mkubwa wa kuuiga mfumo huo ni mwingine: mchango unaotokana na orodha ya mishahara hauwezi kumfikia mtu asiyekuwemo katika orodha yoyote. Kwa ujenzi, mchango ungepaswa kutozwa kwa mradi, wakati kibali kinapotolewa, ili kila anayeumia ndani ya uzio awe na kinga hata kama jina lake halimo daftarini. Gharama hiyo itamwangukia pia mwalimu anayejenga nyumba yake ya vyumba vitatu kwa mkopo wa Sacco, na wanaojenga usiku bila kibali watabaki nje ya mpango huo kama walivyo nje ya WIBA leo.