Saratani ya ini: jeni iliyozidisha kazi ni chanzo au dalili?

Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza habari ya panya ambao jeni ya MYC, inayochochea seli kugawanyika, katika maini yao ingeweza kuwashwa na kuzimwa kwa dawa ya doksisaiklini. Ilipofanya kazi kupita kiasi, panya walipata saratani. Ilipozimwa, uvimbe ulinywea na baadhi ya seli zikarudi kuwa seli za kawaida za ini. Ilipowashwa tena, saratani ikarudi. Wanaoamini kwamba jeni iliyozidisha kazi ndiyo inayokuza uvimbe hawana ushahidi mzito kuliko huo.

Lakini panya wale walitengenezewa ugonjwa kwa jeni moja. Ini la binadamu huwa limeteswa miaka mingi na virusi vya homa ya ini, pombe au sumukuvu, na humo jeni nyingi huzidisha kazi kwa pamoja. Ipi inasukuma, ipi inasukumwa?

Mfano wa MET unauma. Jeni hii hulisaidia ini kujijenga upya, na mara nyingi huzidi kwenye uvimbe mkali. Jaribio la dawa ya tivantinib, iliyokusudiwa kuizuia MET, lililochapishwa 2018, lilichukua wagonjwa 340 ambao MET yao ilikuwa juu. Nusu ya waliopewa dawa waliishi zaidi ya miezi 8.4, kwa waliopewa kidonge kitupu ilikuwa 9.1. Wanaoitetea MET kuwa chanzo husema tivantinib haikuwa ikiizuia MET sawasawa, na kweli maabara zilionyesha kwamba huua seli kwa njia nyingine. Hoja hiyo naikubali. Hata hivyo, wagonjwa walichaguliwa kwa kipimo cha wingi wa MET tu, na wingi hausemi kama uvimbe unaitegemea jeni hiyo.

Mimi naiamini zaidi TERT, inayozalisha telomerezi, kimeng'enya kinachozuia ncha za kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) zisiishe. Katika ini la mtu mzima huwa imezimwa. Kwenye saratani ya ini tunamwona aliyeiwasha: kwa wagonjwa takriban 6 kati ya 10, herufi moja ya vinasaba imebadilika kwenye swichi yake, kwa wengine, virusi vya homa ya ini B vimejipachika hapo jirani. Utafiti wa Ufaransa wa 2013 uliikuta kasoro hiyo katika robo ya vinundu ambavyo bado havijawa saratani. Imetangulia ugonjwa, kwa hiyo si matokeo yake. Wala haitoshi peke yake: huirefushia seli maisha, na makosa mengine hupata muda wa kulundikana.